TAHADHARI: Muuza "dawa ya kambi" ya kupe kwenye vichupa visivyo na lebo

Wakuu, kuna mtu anawauzia wapiga kambi dawa ya kupe na viroboto kwenye vichupa vidogo, na tayari kuna paka aliyeponea chupuchupu. Kama unajiandaa kwenda ufukweni na mnyama wako na umeshaagiza hiyo "dawa ya kambi" mtandaoni, usimpake kwanza.

Sitaji jina la ukurasa wake kwa sababu halikai. Leo anaitwa hivi, kesho vile, namba ya simu mpya, picha zilezile. Mtambue kwa mtindo. Anavizia kwenye makundi mtu anapouliza ni kambi gani zinaruhusu mbwa. Hajibu hadharani, anakufuata inboksi. Kwanza anamsifia mbwa wako, kisha anakutia hofu: pwani kuna kupe wabaya, utarudishwa getini kama mnyama hana dawa, na yeye anayo ya kitaalamu ambayo wenye kambi wenyewe wanaitumia. Ukiomba picha ya lebo anakwambia inakuja kwenye dumu kubwa, yeye anawapunguzia watu kwa bei nafuu. Balaa lote liko kwenye hilo dumu.

Kinachomsaidia ni kwamba hofu anayoitia haikutungwa yote. Pwani yenye joto na unyevu, wadudu hawana likizo. Viroboto hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 30 na hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba ehrlichia na babesia, vijidudu vinavyoshambulia damu ya mbwa. Mbu nao huambukiza minyoo ya moyo. Kinga inahitajika kweli, na mtu anayefunga safari keshokutwa hana muda wa kuhoji sana.

Tulipokuwa kambini, jirani wa hema la pili alikuwa na mbwa na paka, na dawa yake ilitoka kwa huyu mtu. Asubuhi alimdondoshea mbwa mgongoni. Paka hakupakwa chochote. Lakini yule paka hulala amejibana ubavuni kwa mbwa, na kwa unyevu ule manyoya yalikuwa bado yametota mafuta. Ilipofika jioni masikio ya paka yakaanza kuchezacheza kama anafukuza nzi asiyeonekana. Kisha ngozi ya mgongo ikawa inaruka yenyewe, miguu ikaishiwa nguvu, akatetemeka mwili mzima huku mate yanamtoka. Daktari wa mifugo aliuliza jambo moja kabla hata ya kumgusa: mbwa wenu mmempaka nini?

Kichupa chenyewe natamani kila mtu angekiona. Kina ukubwa wa kichupa cha dawa ya macho, na kifuniko hakikuwa na ile pete ya plastiki inayokatika unapofungua mara ya kwanza. Stika ya mbwa na hema imechapwa kwa printa ya kawaida. Kidole chenye jasho kilitosha kuufanya wino utoke. Tulipoibandua kona, chini yake kulikuwa na mabaki ya lebo nyingine. Jina la kiambato hakuna, uzito wa mnyama hakuna, namba ya toleo hakuna, tarehe ya mwisho wa matumizi hakuna, mtengenezaji hakuna. Maandishi yaliyopo ni haya tu: mbwa na paka, wakubwa kwa wadogo, matone kumi.

Wakubwa kwa wadogo! Mbwa wa kilo nne na wa kilo arobaini, matone kumi.

Kwa dalili zile daktari alishuku permetrini. Hii ni dawa ya kiwandani iliyoigizwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto. Mbwa huivumilia kwa kipimo chake, lakini ini la paka haliwezi kuivunja haraka, hivyo hubaki mwilini na kushambulia neva. Si lazima paka apakwe. Kumlamba au kujisugua kwa mbwa ambaye dawa haijamkauka kunatosha. Dawa halali za mbwa zenye permetrini nyingi huonya wazi kwamba ni marufuku kwa paka, mara nyingi kwa mchoro kabisa. Jirani alipomwandikia muuzaji, jibu lilikuwa kwamba pareto ni ua, haina kemikali, labda paka amekula kitu. Baada ya hapo akamfungia, na pesa ndiyo imekwenda hivyo.

Kinachoogopesha zaidi ni kwamba dumu lake lijalo linaweza kuwa na kitu kingine. Dawa nyingi za madumu ni za ng'ombe. Kuna za kumwagia mgongoni, zilizopimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na kuna za josho. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ile ya josho ya asilimia 12.5, kwa mfano, huchanganywa kwenye maji mara mia kadhaa ya ujazo wake kabla ya kugusa mnyama. Ukiidondosha mbichi juu ya mbwa, analegea na kusinzia, mapigo ya moyo yanapungua, joto la mwili linashuka. Ndiyo maana "mbwa wa rafiki yangu alipakwa na hakuna kilichotokea" haikusaidii chochote. Hujui kama ni dumu lilelile.

Ahadi zake nazo zinamuumbua. Anasema chupa moja inatibu kupe, viroboto, upele na minyoo ya moyo. Dawa ya kufukuza wadudu kwenye manyoya haiui mabuu wa minyoo ya moyo waliokwisha kuingia mwilini. Kinga yake ni dawa nyingine kabisa, kwa kawaida ya kila mwezi, kwa kipimo cha daktari. Anasema pia mbwa anaweza kuingia baharini dakika hiyohiyo. Dawa nyingi halali za matone hukutaka usimlowanishe mnyama kwa muda uliotajwa kwenye karatasi ya maelekezo, aghalabu siku mbili hivi. Karatasi hiyo kwake haipo.

Sasa hapa naomba mtulie. Kambini mbwa akianza kuhema, kutoa mate na kuyumba, kila mtu anasema ni joto. Mara nyingi ni joto kweli, maana mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa ikishajaa unyevu kuhema hakumsaidii sana. Lakini sumu huanza kwa sura hiyohiyo. Kama kuna kipimajoto, mpime kwenye njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na ushee, akifika 41 ni hatari, anza kumpoza kwa maji mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Ila kutetemeka kwa sumu nako kunaweza kupandisha joto, kwa hiyo usiamue kwa namba peke yake. Misuli inayorukaruka, au mnyama aliyepoa na kulegea wakati wengine wote wanahema, ni ya kutilia shaka. Mwambie daktari alichopakwa hata kama hakuuliza.

Kama umeshampaka na dalili zimeanza, vaa glavu, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, muondoe na paka karibu naye. Maji ya moto hapana, yanaongeza dawa kuingia kwenye ngozi. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mkaushe vizuri, hasa paka, asipate baridi, kisha ondoka naye mara moja. Mnyama aliyeanza kutetemeka sana au kupata degedege usimcheleweshe kwa kumuogesha. Paka wa jirani alipona kwa sababu alifikishwa mapema na kupewa dawa za kutuliza misuli.

Kichupa nenda nacho kwa daktari kama kilivyo. Usikimwage chooni, kwenye mtaro wala mchangani, kwa sababu dawa hizi zinaua samaki na kaa kwa kiasi kidogo sana. Wenye mazungumzo na huyu muuzaji wekeni hapa picha za skrini, hasa ile stika na jina alilotumia kupokea malipo, ili wanaotaka kuripoti kwa mamlaka ya dawa za mifugo wawe na ushahidi. Mkiweka, zibeni namba za simu za wateja wengine zinazoonekana.