Brashi yenye meno yanayocheza: miezi saba ya kufungua mafundo ya nywele zangu

Brashi ninayoieleza hapa haina jina la kampuni. Ni ya plastiki, mpini mweusi, na kichwa chake kimegawanyika safu tisa za meno. Kila safu inacheza peke yake: ikikutana na fundo inapinda kidogo, haing'ang'ani nalo. Niliinunua Kikuubo, soko la Kampala, kwa shilingi 12,000 za Uganda. Nywele zangu ni za kipilipili, sijazitia dawa, zikivutwa zinafika mabegani na zikiachwa zinarudi kukaa juu ya masikio. Nimeitumia kila Jumapili kwa miezi saba na nimeridhika nayo, ila ina masharti, na mtu akiyaruka atarudi kusema nilimdanganya.

Mimi ni wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Hapa Kampala nakata tiketi za mabasi yaendayo Nairobi. Kama wasichana wengi waliosoma Uganda, nilinyolewa tangu chekechea mpaka Senior 6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mtihani ukaisha, chuo hakifunguliwi mpaka Agosti ya mwaka unaofuata, basi nywele zikaota kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19. Nilijua kutafuta eneo la pembetatu, lakini sikujua kuchana kichwa changu mwenyewe. Nikafanya wanavyofanya wengi, nikawaachia wasusi. Rasta zikitoka leo, kesho zinaingia nyingine, na nywele zenyewe sizioni.

Mwaka jana nilikaa na rasta wiki nane, nikaenda saluni moja mjini kuzifumua. Walinishika wawili, wana haraka, benchi limejaa wateja. Ya mwisho ilipotoka wakanipeleka moja kwa moja kwenye sinki. Kosa lilikuwa hapo, na nataka lieleweke, kwa sababu wengi wetu tunalifanya hata nyumbani.

Kichwa cha mtu kwa kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukiwa umesuka hazina pa kudondokea, zinabaki zimebanwa ndani ya rasta. Kwa wiki nane hizo si chini ya nywele 2,800 zilizokwisha kung'oka zenyewe, zimejiviringisha kwenye zile zilizo hai. Ongeza vumbi la barabarani, jasho la ndani ya helmeti ya boda na mafuta ya kung'arisha. Ndiyo ile pete ya kijivu unayoiona kwenye shina, pale rasta ilipoanzia. Pete hiyo inafunguliwa kwa vidole na kitana, imepakwa mafuta, kabla ya tone la kwanza la maji. Maji yakitangulia inakaza kama fundo la kamba ya katani iliyolowa.

Yule dada akaja na drayeri yenye kitana mbele, akaanza kuvuta kutoka kichwani kushuka chini. Nilisikia nywele zikikatika, sauti ndogo kama uzi wa mshono unapochanika. Nikamwambia, "Dada, pole pole." Akajibu, "Vumilia, ndivyo zilivyo nywele zako." Neno hilo liliniuma kuliko kitana. Nyuma ya sikio la kushoto lilibaki bonge la ukubwa wa yai la kuku, akachukua mkasi. Sikumruhusu. Nililipa, nikajifunga kitambaa, nikatoka.

Wikiendi hiyo nikapanda takisi mpaka Busia kwa mama mdogo. Alilishika lile bonge, akaligeuzageuza, akasema, "Usikate, mwanangu. Kaa chini." Akatandika mkeka barazani, mimi nikakaa katikati ya magoti yake. Alikuwa na mkebe wa moo yaa, mafuta ya mshea yanayotoka upande wa Lango na Acholi, kaskazini mwa Uganda, yale yanayonuka moshi kidogo kwa sababu kokwa zimekaangwa. Akayayeyusha viganjani, akalilowesha bonge lote, akafunga kitambaa juu yake, tukala kwanza.

Baada ya chakula alitumia vidole na mkia wa kitana tu. Hakugusa katikati ya bonge hata mara moja. Alikuwa akianzia pembeni, anachomoa nywele tatu, nne, anazilaza kando, anarudi. Mkono wake wa kushoto ulishika nywele kati ya bonge na kichwa, ukabana, ili akivuta mvuto uishie kwenye vidole vyake usifike kwenye ngozi yangu. Sikusikia maumivu. "Usilivute," alisema, "lipunguze." Jioni ya kwanza yai likawa kama limao. Jioni ya pili likabaki kama punje ya karanga, hilo ndilo alilokata, na nywele nilizopoteza hapo unaweza kuzifunika kwa kidole gumba. Zile zilizokwisha kung'oka zamani zilijaza sahani.

Nimeanza na mama mdogo kwa sababu brashi hii inafanya kazi ile ile ya mkono wake, kwa kasi zaidi, na haiwezi kuwa mwanzo wa kazi. Vidole vinatangulia. Ukianza na brashi juu ya fundo usilolijua, utalikaza.

Kuinunua kwenyewe kunataka macho. Ya kwanza nilinunua kwa mchuuzi wa barabarani kwa shilingi 7,000, na ndani ya wiki mbili ncha zangu zilikuwa zimechanika. Ukipitisha ukucha kwenye meno yake unakwama: kila jino lina mshono mwembamba wa plastiki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na mshono huo unakwangua nywele kila ukichana. Kikuubo nilienda na soksi ndefu ya nailoni kwenye mkoba. Nikaivuta juu ya meno ya brashi moja baada ya nyingine, mama mwenye duka ananitazama. Tano zilinasa soksi. Ya sita ikapita kama juu ya kioo. Mama akaniomba ile soksi, akazipima za kwake zilizobaki.

Sasa Jumapili yangu. Naligawa kichwa mafungu sita, kila fungu nalifunga. Nafungua moja, nalilowesha maji ya uvuguvugu, napaka kondishena nyingi mpaka nywele ziteleze mkononi kama kambare. Wenye nywele za singa huambiwa wasubiri zikauke kidogo kabla ya kuchana, maana unywele uliolowa hunyumbuka sana na nguvu yake hupungua. Sisi wenye nywele zilizojikunja ni kinyume: zikiwa kavu kila mkunjo unanasa mwenzake, na unywele hukatika hapo hapo kwenye kona. Kwetu sisi maji pamoja na utelezi ndiyo salama. Kondishena si urembo hapa. Uso wa unywele, hasa ulioumia, una chaji hasi ya umeme, na kiungo kikuu cha kondishena kina chaji chanya, kwa hiyo kinagandia pale pale penye jeraha na kulainisha njia. Soma nyuma ya chupa: ukiona jina linaloanza na behentrimonium karibu na juu ya orodha, ina utelezi wa kweli. Yangu ni ya shilingi 18,000 na inanitosha Jumapili tano. Mwezi wa njaa nimechemsha bamia, nikachuja ule mlenda kwa kitambaa, nikautumia. Unateleza vizuri sana, ila usipousuuza mpaka mwisho unakauka na kudondoka kama mba.

Vidole vikishapita, brashi inaingia. Naanza na ncha, sentimita tatu za mwisho, mpaka ipite bila kusikika. Napanda sentimita tatu nyingine. Ukianzia juu unayasukuma mafundo yote chini yakutane, na matano madogo yanakuwa moja usiloliweza. Penye fundo, safu za meno zinafunguka kama vidole vya mkono, mbili zinapita huku, tatu kule, fundo linabaki katikati limelegea. Hapo nasimama, nalichukua kwa vidole. Fungu moja linanichukua dakika saba au nane. Kichwa kizima ni chini ya saa, na zamani nilikuwa namaliza saa mbili na nusu nikitoka machozi.

Kama inakata au haikati, nimepima kwa macho. Kila Jumapili natandaza taulo jeupe magotini. Unywele uliong'oka kwa wakati wake ni mrefu na una kijinundu cheupe upande mmoja, ndio mzizi. Uliokatika ni mfupi, hauna kijinundu, umejikunja kama herufi C. Enzi za chanuo kavu taulo lilijaa herufi C. Jumapili iliyopita nilizihesabu: nywele ndefu zenye kijinundu zaidi ya mia, vipande tisa. Hiyo mia isimtishe mtu, ni za wiki nzima.

Moo yaa nimeendelea nayo, lakini kwa kufumulia rasta na kwa kufungia maji baada ya kuosha. Haitoshi yenyewe kuchania, maana mafuta hayaleti maji kwenye unywele, yanayazuia tu yaliyomo yasitoke. Ile yetu ya kaskazini ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi ya oleiki nyingi zaidi. Mchana wa joto Kampala inakuwa karibu majimaji mkebeni, na inapakika bila kukwaruza. Mafundi wa saluni za hapa wanauza mikebe ya nje kwa bei mara mbili wakati hii inatoka Lira kwa basi. Inunueni. Miti ile inachelewa sana kuzaa, na inakatwa kuwa mkaa kila siku.

Kasoro za brashi zipo. Safu ya tatu ilianza kulegea mwezi wa tano, nahisi haitamaliza mwaka. Kwenye mashina ya safu, pale zinapokutana na mpini, nywele zilizong'oka zinajisokota na kuzitoa kunahitaji kibanio na subira. Na kwenye nywele za kisogoni, zile fupi na ngumu ambazo helmeti inazisugua kutwa, brashi hii haifiki vizuri: meno yake ni mapana mno kwa nywele za urefu wa kidole. Kule natumia vidole tu, na siku hizi navaa kitambaa cha satini chini ya helmeti. Mafundo ya kisogoni yamepungua kwa kitambaa hicho kuliko kwa kitu kingine chochote nilichonunua.

Halafu kuna vile vifundo vidogo kama kichwa cha pini, unywele mmoja umejifunga wenyewe karibu na ncha. Hivyo brashi isivivute. Chukua mkasi mkali wa nywele, kata juu kidogo ya kifundo, endelea. Ukikivuta unachana unywele mpaka mbali.

Mwenye mtoto mdogo asiinunue kubwa kama yangu, meno yake ni marefu na ngozi ya mtoto ni laini. Mwenye nywele zilizotiwa dawa aende nayo taratibu zaidi yangu, maana zile zimekwisha kudhoofishwa.

Mdogo wangu alimaliza Senior 6 mwaka jana. Nywele zake sasa zina urefu wa kiungo kimoja cha kidole, na wiki iliyopita alinipigia kuuliza msusi mzuri Busia ni nani. Nilimtumia brashi mpya kwa dereva wa basi letu, nimeipima kwa soksi, na chupa ya kondishena nimeifunga kwenye mfuko mara tatu isimwagike. Nilimwambia msusi atasubiri kwanza. Ijumaa nakwenda, mama mdogo amesema atatandika mkeka.