Retratos ya Radamés Gnattali, hii msiipite

Wiki nzima niko na Retratos, kazi ya mtunzi wa Brazil Radamés Gnattali, ile rekodi ya 1964 ambayo Jacob do Bandolim ndo anapiga mandolini (ala ndogo ya nyuzi), na bado sijaichoka. Kama ukisikia klasiki imechanganywa na muziki wa mtaani unakimbia nakuelewa kabisa, maana mara nyingi wanachukua wimbo mtamu wanaumwagia fidla juu mpaka wenyewe hausikiki tena. Gnattali hajafanya hivyo. Okestra yake ni ya nyuzi, na ndani yake kaliweka kundi la choro, muziki wa mtaani wa Rio, kama lilivyo, na magitaa yake, cavaquinho (kigitaa kidogo) na pandeiro (tari la Kibrazil), yani wamekaa sebuleni kwao na okestra ndo imekuja kuwatembelea.

Jina maana yake picha. Vipande vinne, kila kimoja picha ya mtunzi mmoja wa Brazil: Pixinguinha, Ernesto Nazareth, Anacleto de Medeiros na Chiquinha Gonzaga. Cha Pixinguinha kimejengwa juu ya wimbo wake maarufu Carinhoso ila usitegemee kuimba nao toka mwanzo, Gnattali anaimega mega anakuonjesha kidogo kidogo na ukija kuitambua mwili unasisimka. Cha pili, valsa (waltz) ya Nazareth, hicho ndo nakirudia usiku, kuna mahali mandolini inakuwa kama mtu anaongea peke yake chumbani. Cha tatu kizuri. Cha mwisho cha Chiquinha kinakimbia hatari, na hapo nikaelewa kwanini Jacob alimwandikia Gnattali kwamba baada ya kazi hii kaona mazoezi peke yake hayatoshi, lazima mtu asome muziki. Na huyo tayari alikuwa bingwa!

Mimi naona ni maisha ya Gnattali yanasikika humu. Mtoto wa Porto Alegre, kazaliwa 1906, kasomea piano akitaka majukwaa ya klasiki, riziki ikampeleka kituo cha redio cha Rádio Nacional kule Rio akawa anapanga samba na choro miaka na miaka. Muziki wa mtaani kwake haukuwa mgeni wa kukaribishwa, ndo kazi iliyomlisha.

Sauti ni ya zamani, kwenye spika ya simu nyuzi zinafifia, vaa hedifoni. Ukishaizoea tafuta na ile ya mpiga mandolini Joel Nascimento na kundi la Camerata Carioca, Gnattali mwenyewe aliipanga upya bila okestra. Ila anza na ya Jacob.