iMovie kwa trela ya vichekesho vya mpira: templeti iko siriasi kupita kiasi na ndo raha yake

Kwa wenye haraka nianze na jibu. Kama we ni mwanafunzi umepewa kazi ya kutengeneza trela ya filamu ya vichekesho vya michezo, na kuna Mac unaweza kuazima, tumia templeti za trela (mifano iliyopangwa tayari, we unajaza tu) zilizomo ndani ya iMovie, programu ya Apple ya kuediti video, ila usiishie kwenye templeti. Wengi wanaifungua, wanajaza vipande, wanatoa kitu kama tangazo la benki afu wanashangaa mbona darasani hakuna aliyecheka.

Mi nimeijua kwa undani kupitia mdogo wangu wa kike, anasoma diploma ya mambo ya habari, wakapewa kazi ya kikundi: trela isiyozidi dakika moja na nusu, filamu yenyewe haipo wala haitakuwepo, na maksi nyingi ziko kwenye kuonyesha kwamba mnazijua kaida za aina hiyo ya filamu. Yaani mtu akiangalia sekunde kumi tu ajue hii ni ya mpira na ni ya kuchekesha, asidhani ni kumbukumbu za UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, alizorekodi mwalimu wa michezo. Mi nikaingia kama dereva na mbeba tripodi, nikajikuta nimekaa mpaka mwisho wa kuediti.

Kaida zenyewe unazijua hata kama hujawahi kuzisoma popote. Kuna timu mbovu ambayo hata wazazi wao wamewakatia tamaa, kuna kocha aliyechoka na maisha, kuna wapinzani wenye jezi mpya na basi lao lina feni, kuna mazoezi yanayoenda na muziki ambapo mwanzo wanaanguka na mwisho wanaanguka kidogo, kuna hotuba kabla ya mechi, slomo (picha za mwendo wa polepole), ubao wa magoli, refa mwenye kipenga. Na msingi wa yote ni mnyonge anayeingia mahali pasipo pake. Ndo maana Wajamaika walipoenda Calgary kwenye Olimpiki ya baridi ya 1988 kushindana mbio za sleji kwenye barafu, watu wa nchi ambayo barafu wanaiona kwenye glasi ya juisi, Hollywood haikulala mpaka imetoa komedi yake mwaka 1993. Na sleji yao ya watu wanne ilipinduka kweli, wakatoka wakatembea pembeni yake mpaka mstari wa mwisho, hapo mwandishi wa filamu kazi kaletewa mezani.

Sasa bidhaa yenyewe. Trela ziliingia kwenye iMovie '11, iliyotoka mwaka 2010, zikiwa 15, na Apple hawakufanya utani, muziki wake waliwarekodi London Symphony Orchestra pale Abbey Road, studio ileile ya Beatles. Siku hizi kwenye Mac ziko 29, na programu ni bure. Ukichagua moja inakupa sehemu tatu: ya kwanza unajaza jina la filamu, waigizaji, nani kaongoza, na nembo ya studio (kuna dunia inayozunguka, kuna kilele cha mlima wenye theluji, kikundi chetu wakachukua mlima bila kujadiliana, si tunao wetu). Ya pili ndo storibodi, na ya tatu ni orodha ya shoti ili ujue za mbali bado ngapi na za karibu bado ngapi.

Storibodi ndo sababu ya mi kuandika hapa. Unakuta visanduku vimepangwa, kila kimoja kina mchoro wa mtu kivuli kinachokuonyesha shoti inayotakiwa, huyu yuko mbali na nyuma yake kuna mandhari, huyu ni uso tu, hawa ni kikundi, huyu anakimbia, na muda wa kisanduku umeandikwa palepale, sekunde mbili na kitu. Unabonyeza klipu, inakaa, inajikata yenyewe. Katikati ya visanduku kuna mistari ya maandishi unayoweza kuyabadilisha. Kwa mwanafunzi hii ni shule kabisa, maana kisanduku tupu kinakudai, huwezi kukidanganya, kinasema lete shoti ya mbali ya uwanja na wewe umerekodi nyuso tupu za marafiki zako wakicheka, basi mnarudi uwanjani. Kikundi chetu walirudi, jua limeshakuwa kali, kipa anataka hela ya soda.

Ugomvi ukaja kwenye kuchagua templeti ipi. Kuna ya michezo, kuna ya vichekesho vya mapenzi, kuna ile ya filamu kubwa yenye midundo ya kutisha. Nusu ya kikundi walitaka ya vichekesho vya mapenzi kwa sababu muziki wake unachangamka, hoja yao hii si komedi bwana, muziki uchekeshe. Mi nikasema hapana na mpaka leo nasema hapana. Komedi ya michezo inachekesha kwa sababu watu wanafanya ujinga kwa moyo wote, kama vile fainali ya dunia iko kesho. Muziki ukianza kuchekacheka kabla mchezaji hajaanguka, umeshamwamrisha mtazamaji acheke, na mtazamaji akiamrishwa ananuna. Chukua templeti ya michezo, ile yenye ngoma na tarumbeta za ushindi, afu we jaza upuuzi. Templeti haijui kama umejaza upuuzi, inaendelea kupiga tarumbeta zake kwa heshima zote, na hapo ndo kicheko kinapotoka.

Angalia mfano. Maandishi yanayokuja na templeti ni ya Kiingereza na ni yaleyale ya kuvimbisha kifua, sasa wao wakayafuta wakaandika ya kwao, matatu yanafuatana: MSIMU MMOJA. TIMU MOJA. JEZI SABA. Baada ya hiyo ya tatu kisanduku kinataka shoti ya karibu, wakaweka mchezaji anatoka uwanjani anavua jezi imelowa jasho, anaikamua kabisa, anamvalisha anayeingia, na yule anayeingia sura imejikunja lakini anapiga ishara ya msalaba anakimbia zake. Darasa zima lilikufa hapo. Hakuna mtu aliyesema neno, hakuna mtu aliyefanya uso wa kuchekesha, kaida zote ziko palepale, mchezaji wa akiba anaingia kuokoa jahazi, kilichobadilika ni jezi tu.

Kwenye kisanduku cha kocha wakaweka kocha anapanga mfumo kwa vizibo vya soda juu ya ubao wa drafti, vijana wamemzunguka wako makini hatari, mkono mmoja unaingia kwenye fremu unakula vizibo viwili na kuondoka. Mwenye mkono hatumuoni. Mi naona hiyo ndo shoti bora ya trela nzima na imechukua sekunde chache tu, wengine wanasema ya jezi, tutabishana.

Kitu ambacho hakuna templeti ya Kizungu itakuwekea kisanduku chake ni kamati ya ufundi, yaani wale wanaoshughulikia uchawi wa timu. Mpira wa kibongo bila kamati ya ufundi hauwi mpira wa kibongo, kila mtu anajua, viongozi wote wanakataa. Kwa hiyo wakachukua kile kisanduku ambacho mchoro wake ni mtu peke yake kwenye mandhari pana, ambacho mwenye templeti alikusudia shujaa akitafakari, wakaweka mzee mmoja na kofia anafukia kitu nyuma ya goli alfajiri, ukungu upo, tarumbeta zinalia taratibu. Baadae kwenye mechi kipa anafukua, kumbe yai la kuchemsha, anamenya anakula huku mpira unampita. Kama unafanya kazi ya namna hii we tafuta kitu chako cha nyumbani kama hicho, kwa sababu kaida za filamu za michezo tumezipokea kutoka nje na mtazamaji ameshaziona mara nyingi, akikuta jambo la mtaani kwake limekaa ndani ya zile kaida anafurahi mara mbili.

Haya, ubaya. Visanduku vina muda wake na huo muda umepangwa na muziki, sio na utani wako. Kwenye hali ya trela huwezi kurefusha shoti, huwezi kubadilisha wimbo, wala mtindo wa herufi. Kwa trela ya mapigano au ya kutisha unaweza usione shida, lakini komedi inaishi kwa kusubiri. Kikundi walikuwa na penalti: mshambuliaji anarudi nyuma kuchukua mbio, anarudi, anarudi, mpaka anafika kwa muuza mihogo nje ya uwanja, anakuja kwa slomo, anapiga, kandambili inaruka inaingia wavuni na mpira umebaki pale ulipo. Ukiiweka kwenye kisanduku kandambili haifiki golini, shoti imeshaisha, mtazamaji anaona mtu anakimbia tu.

Dawa ipo na wengi hawaijui, iko kwenye menyu ya faili kwenye Mac, kuna amri ya kugeuza trela kuwa muvi ya kawaida. Kabla ya kugeuza tengeneza nakala ya mradi, kwa sababu ukishageuza hurudi tena kwenye visanduku. Baada ya hapo kila kitu kinakuwa mali yako, unarefusha, unafupisha, unakata muziki. Na kukata muziki ndo silaha namba moja ya trela ya vichekesho, okestra inapanda, inapanda, mguu unagusa mpira, unakata kila kitu, kimyaa, afu pwaa ya kandambili kwenye wavu. Acha nusu sekunde nyingine kabla hujarudisha chochote. Usirudishe muziki haraka, vijana wanaogopa kimya kama wanadaiwa.

Kwenye hiyo hali ya muvi kuna pia marudio ya papo hapo, iko kwenye menyu, unachagua asilimia 50, 25 au 10 ya spidi, inarudia kipande chenyewe kama kwenye TV. Tamu sana kwa mambo ya mpira, ila tumia mara moja, ukirudia kila tukio trela inageuka kipindi cha uchambuzi. Halafu rekodi mtangazaji. Sisi tumelelewa na mpira wa redioni, sauti ya mtangazaji kwetu ni kaida yenye nguvu kuliko hata ubao wa magoli, na inakusaidia kueleza hadithi bila kuandika maandishi kila baada ya sekunde tano. Kijana mmoja wa kikundi alijifunika kitenge na simu ili sauti isigonge ukuta, akatoa kitu kimoja pale kwenye penalti, "mpira uko njeee, kiatu kiko ndaniii", basi, hakuna aliyerekodi mara ya pili.

Singeli je? Unaweza, baada ya kugeuza. Mazoezi yakienda na singeli yanakuwa na spidi ambayo okestra ya London hawaijui, ila uwe na ruhusa ya wimbo, tafuta rafiki anayetengeneza biti akupe yake, mwalimu akiuliza una jibu. Wao waliacha okestra ipige mpaka kwenye mazoezi, hapo singeli ikaingia, afu okestra ikarudi kwenye mechi, na huo mpishano wenyewe uliwafanya watu wacheke kabla ya picha.

Jambo jingine templeti inamaliza na kadi ya majina, trela imeisha, kwaheri. Lakini trela za vichekesho zina tabia ya kukuachia kicheko kimoja cha mwisho baada ya jina la filamu kutokea. Hicho utakiongeza mwenyewe, na kiwe kifupi, na kisiwe kicheko chako bora maana bora unatakiwa uwe umeshakitoa. Wao waliweka refa anahesabu wachezaji uwanjani, anafika saba, anaangalia benchi, kuna watu vifua wazi wanampungia mkono.

Kwa wenye Android na Windows tu, iMovie haipo huko na hakuna njia ya mkato. CapCut ipo na ina templeti chungu nzima, ila nyingi ni za video fupi za kusimama, zinakupa midundo na mapambo, hazikuulizi shoti ya mbali iko wapi. KineMaster ya bure inaacha alama yake kwenye picha. Unaweza kufanya kazi nzuri kwa hizo, ila chora visanduku vyako kwenye daftari kwanza, kila kimoja na aina ya shoti, ndo uende uwanjani.

Nyota nne kati ya tano kwa kazi ya shule. Kwa mtu anayelipwa kutengeneza trela nitampa mbili, maana mwenye jicho atazitambua zile herufi na ule mlima wa theluji kabla hujafika kwenye jina la filamu. Na kama Mac ni ya kuazima, toa faili la video kabisa na uhifadhi kwenye flashi kabla mwenyewe hajaja kuichukua, mradi wa iMovie haufunguki kwenye Windows.