Waya wa Kuchemshia Togwa: Nenda Dukani na Mizani

Tangu niseme nimeachana na mkaa kwenye biashara yangu ya togwa, watu wananiuliza swali lilelile: ninunue mtungi gani wa umeme wa kuchemshia, wa lita 20 au 30? Jamani, chukua wowote usiovuja. Mimi hasara sikuipata kwenye mtungi. Niliipata kwenye waya uliojificha ukutani.

Ilikuwa Novemba, mabibo yamejaa kila kona, nami nina oda ya harusi: togwa na juisi ya mabibo. Maji hayajachemka, jiko zima likanuka kama ndala iliyoangukia motoni. Soketi imegeuka kahawia, ukuta ukiugusa una joto. Fundi alipoivuta soketi, waya ulioandikwa 2.5 (unene wake, milimita za mraba) ukamkatikia mkononi kama tambi kavu. Akaukwangua kwa kisu. Juu shaba, ndani mweupe pee. Aluminiamu iliyopakwa shaba, na mimi nililipia shaba.

Mtungi wa kilowati 3 kwenye volti 230 unavuta ampia 13. Lita 30 za maji ya bomba zinachukua kama dakika 50 na uniti mbili na nusu za LUKU. Pasi ikishapata moto inajikata, inapumzika, inarudi. Mtungi hauna mapumziko mpaka maji yachemke, na waya haupumziki pia. Aluminiamu iliyopakwa shaba inaukinza umeme kama mara moja na nusu ya shaba halisi, kwa hiyo inapata moto zaidi. Halafu inalegea kwenye skrubu za soketi, na pale ilipolegea ndipo panapoungua. Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna pia chumvi ya hewani inayokula waya.

Sasa sikiliza, maana hili wauzaji hawalipendi. Rangi ya waya haikuambii kitu na maandishi hayakuambii kitu. Pima uzito. Mita moja ya waya mmoja mmoja (single) wa 2.5 ina gramu 22 za shaba ukiacha plastiki. Wa 4 ina kama gramu 36. Wa 1.5, gramu 13. Rola la mita 100 la 2.5 lina kilo 2.2 za shaba tupu, kwa hiyo likikaa kwenye mizani na plastiki yake likasoma kilo moja na nusu, lirudishe palepale. Langu nililipeleka kwa muuza samaki baada ya ajali: kilo moja na nusu na ushee. Kama huna rola zima, nunua mita moja, ichune, ipeleke kwa sonara. Atakucheka, lakini atakupimia.

Haya, chaguo langu. Nachukua waya wa kampuni ya Africab, wa shaba, wa 4, na sioni haya kusema naipendelea. Inatengenezwa Dar, na rola nililonunua mara ya pili halikunidanganya kwenye mizani. Wa 4 kwa mtungi mmoja wataniambia ni ufahari. Jiko langu la nje liko mbali na mita ya umeme, na waya mwembamba ukiwa mrefu unakula volti njiani. Mwakani nataka mtungi wa pili, lakini siku hiyo sitaiongezea laini hii mzigo, kila mtungi utakuwa na laini yake. Laini itoke kwenye boksi la breka moja kwa moja, breka ya ampia 20, na mwisho wake swichi ya ampia 20 badala ya plagi. Plagi ya ampia 13 inayobeba ampia 13 saa nzima kila siku ni mtu anayebeba gunia la korosho akiwa amesimama kwenye ngazi.

Na RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukianza kupita kwenye mwili wa mtu. Jikoni mwa togwa sakafu haikauki, na sisi tunapika pekupeku. Hapo sibishani na mtu.

Chaguo la pili ni 2.5 ya shaba halisi, kama jiko liko ndani na waya hauzidi mita kumi hivi. Inatosha, usijisikie vibaya. La tatu ni ekstensheni: hapana. Waya wa bei chee: nimeshasema.

Uji wa togwa usiupikie kwenye mtungi, utaungulia kwenye koili. Chemsha maji humo, uji ukoroge kwenye sufuria, kimea utie ukishapoa. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, si kijana wa kufunga redio.

Bei sasa. Msimu wa korosho pesa za mnada zikitua tu, vitu vya dukani vinapanda, hata visivyojua mkorosho ni nini. Ukiuliza, jibu ni nauli kutoka Dar. Nauli ya waya ule ule uliokuwa rafuni tangu Juni? Na jioni volti zikishuka hadi 200, mtungi wako wa kilowati 3 unabaki na 2.3 tu, unakaa unausubiri, huku gesi ya Mnazi Bay, inayozalisha umeme, iligunduliwa 1982 hapo hapo mlangoni petu Mtwara.

Yule aliyeniuzia nilimrudia na kipande kilichoungua. Akanitazama kwa upole kabisa. "Dada yangu, waya ukishakatwa haurudishwi." Nikaomba basi tuupime urefu wa uliobaki kwa futi ya fundi. Rola la mita 100, nikiwa nimetumia 9, likatoa mita 74. Akasema labda lilinywea kwa jua.

Hizo mita 74 ninazo. Nimezifunga uani kuanikia kanga, na zikilowa kanga mbili tu, waya unafika chini.