Mahali pa Kula Mjini Lamu, kwa Saa na kwa Msimu

Mgeni anayeshuka gatini Lamu na kuuliza ni hoteli ipi yenye chakula kizuri atapewa majibu mengi, na takriban yote yatakuwa ya kweli kwa saa fulani na ya uongo kwa saa nyingine. Migahawa ya mji huu si mingi, na orodha zake hazifikii hata nusu ya vyakula vinavyopikwa humu. Mapishi mengi ya Waamu huuzwa barazani, mlangoni mwa nyumba au pembeni mwa uwanja kwa muda wa saa mbili tatu, kisha yamekwisha mpaka kesho. Anayetaka kula vizuri Lamu inambidi ajue kwanza ni saa ngapi na ni msimu gani, ndipo aulize jina la mahali.

Asubuhi ni ya Langoni, upande wa kusini wa mji, ambako mahamri na mbaazi za nazi hupatikana mapema, wakati ambapo migahawa ya ufukweni bado inafagia sakafu. Hamri zuri huwa na uwazi ndani na harufu ya iliki, na likibonyezwa haliachi mafuta vidoleni; mbaazi nazo ziwe zimepikwa hadi tui limekuwa zito na kuzishika, zisielee katika maji meupe. Mkate wa mofa, unaookwa kwa kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, hauonekani kila mahali, lakini anayeupata aununue ukiwa moto na autafutie mchuzi wa samaki, kwa kuwa ukipoa huwa mgumu na hautafuniki bila kuchovywa. Kupita saa tatu, vyombo huwa vimeshaoshwa.

Mchana, hoteli ndogo za Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, na za karibu na soko, ubavuni mwa Ngome, hutoa wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharagwe na mchicha. Ni chakula cha kushibisha, cha bei nafuu, na sina mengi ya kukisifia wala kukilaumu. Ijumaa ni kisa kingine. Baada ya swala biriani na pilau hupikwa kwa wingi na kwa moyo, na ni afadhali mtu kula mchana wa siku hiyo hata kama ameshapanga karamu ya jioni.

Jioni ndipo migahawa ya ufukweni inapojaa. Umbo la mji wenyewe ndilo lililoipeleka huko: vichochoro vya mji mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na hakuna pa kuweka meza. Mwenye mgahawa huchagua baina ya bahari na dari la nyumba. Hapa Hapa na Bush Gardens ni majina ambayo wageni wametajiwa kwa miaka mingi kwa ajili ya samaki na bilauri kubwa za maji ya matunda, na ukwaju au embe vikiwa vimekamuliwa siku hiyo hakuna kinywaji kinachofaa zaidi kwa joto la pwani. Pombe haiuzwi katika sehemu nyingi za kulia mjini, jambo ambalo katika mji wa Kiislamu halipasi kumshangaza mtu.

Chakula ninachokitumia kuupimia mgahawa wowote wa ufukweni ni samaki wa kupaka, kwa sababu hakimfichii mpishi uvivu wake. Samaki mzima, changu au tewa kwa mfano, hupasuliwa, hutiwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kisha huwekwa juu ya makaa ya moto wa wastani. Tui zito lililokwisha kupikwa na viungo hupakwa kidogo kidogo huku samaki akigeuzwa, hata likashika ngozi na kuanza kuungua kwenye ncha. Kazi hiyo inataka mtu asimame hapo jikoni asiondoke. Kuna migahawa, nami nimekaa katika meza zake zaidi ya mara moja, inayomkaanga samaki kwanza, ikammwagia mchuzi wa manjano na kumwita wa kupaka. Huyo huletwa upesi mno, na kasi hiyo peke yake yatosha kuwa ushahidi. Ukiambiwa usubiri, subiri kwa furaha.

Swali lenye manufaa kuliko orodha yote ni hili: «Leo kumeingia samaki gani?» Mhudumu anayejibu papo hapo kwa kutaja nguru, kolekole au jodari, na kusema kuwa kamba hawakupatikana, anastahili kuaminiwa, kuliko yule anayesema kila kitu kipo. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi na vyombo hutoka; kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mashua nyingi hubaki ndani na orodha ileile iliyojaa ngisi, pweza na kamba mawe huwa inazungumzia jokofu. Katika miezi hiyo mimi huagiza kaa wa mikokoni wapatikanapo, ama kuku wa kupaka, na sioni kwamba nimepungukiwa. Kamba mawe huuzwa kwa uzito, kwa hiyo apimwe mbele yako na bei ikubaliwe kabla hajatiwa motoni.

Baada ya Magharibi, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome na njia zinazouzunguka huwa na mishkaki, viazi karai na bajia. Kiazi karai hutegemea chatine ya ukwaju kuliko kiazi chenyewe. Ikiwa ya maji maji, sogea kwa muuzaji mwingine, maana hatua chache tu zinatosha. Kahawa tungu hufuata, na kipande cha halua, kwa anayeweza kulala baada yake.

Shela, kijiji kilicho mwendo wa kilomita 3 hivi kusini, ina chakula cha aina nyingine na bei za aina nyingine. Hoteli ya Peponi, iliyofunguliwa mwaka 1967, ndiyo mashuhuri kuliko zote, na kibaraza chake kinachotazama mkondo wa Manda ni mahali pa kustarehe kwa aliyejiandaa kulipa. Atakayekwenda huko usiku aingize nauli ya mashua katika hesabu yake, ya kwenda na ya kurudi, na apatane na nahodha mapema, kwani njia ya miguu ya ufukweni humezwa na maji yakijaa, na jangwani nyuma ya nyumba si pa kupita gizani.

Lakini kama ningepewa jioni moja tu, nisingeipeleka Shela wala ufukweni. Ningemwomba mtunza nyumba ya wageni aniulizie mama wa Mkomani, mtaa wa kaskazini mwa mji, anayepika kwa oda, jambo la kawaida kabisa mjini humu. Mtu hutoa fedha ya soko asubuhi, hutaja idadi ya walaji, na usiku huandaliwa sinia: wali wa nazi, mchuzi wa papa, kachumbari, na mkate wa kumimina uliookwa ukaiva juu na chini. Viti huenda visiwepo, na mlo huliwa mkekani kwa mkono. Oda ya saa kumi alasiri haikubaliwi, kwa kuwa nazi bado hazijakunwa na soko limeshafungwa. Mwezi wa Ramadhani utaratibu huu hubadilika wote: sehemu za kulia hufungwa mchana, na mama hao huwa na futari za familia zao za kushughulikia, hivyo anayetaka kupikiwa aseme siku mbili tatu kabla.