Philharmonic Dining Rooms, Liverpool: baa ya kuishika kwa mkono

Mimi ni seremala, na kwenye baa hii ya Hope Street nilisahau kuagiza. Nilikwamia langoni kwanza. Chuma na shaba vimepindwa kama mashina ya maua yanayotambaa, na kupakwa dhahabu. Ndani, mbele ya kaunta pamejaa mozaiki, vijipande vya rangi vilivyopangwa kuwa mapambo, na paneli za mahogani zimefungwa mabamba ya shaba nyekundu yaliyogongwa kwa nyundo. Niliupitisha mkono kwenye maungio ya mbao nikitafuta mwanya. Sikuupata.

Aliyelipia haya yote ni Robert Cain, mtengenezaji bia aliyezaliwa Ireland mwaka 1826. Mwaka 1858 alichukua kiwanda cha Stanhope Street, hapa hapa Liverpool, na kikakua hadi kuwa jengo kubwa la matofali mekundu. Enzi za Malkia Victoria, mwenye kiwanda aliyetaka soko la uhakika alimiliki baa zake mwenyewe, ili humo iuzwe bia yake. Cain alipofariki mwaka 1907 alikuwa na zaidi ya baa 200. Hii, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 kwa ramani ya Walter W. Thomas, ndiyo aliyoitolea jasho la mapipa yote yale. Mtu wa kawaida aliyeingia na sarafu chache alikalia kiti chini ya dari la kitajiri, na mimi namheshimu Cain kwa hilo.

Kwenye vioo vya rangi nilimkuta Baden-Powell, kamanda wa jeshi la Uingereza katika vita vya Makaburu. Nilitulia hapo kidogo: vita hivyo vilikuwa vikipiganwa Afrika Kusini huku mafundi wakimalizia kazi hapa.

Bia niliyokunywa ilikuwa ya pipa, ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa na kuvutwa kwa pampu ya mkono. Huja na ubaridi wa ghala la chini ya nyumba, si wa barafu, kwa hiyo ladha ya kimea unaipata yote. Ilikuwa nzuri sana. Lakini haikuwa ya Cain. Kiwanda cha Stanhope Street kilisimamisha kazi mwaka 2013, na jambo hilo liliniuma nikiwa nimekaa ndani ya nyumba yake.

Mwaka 2020 jengo la baa lilipandishwa hadhi ya Daraja la Kwanza, ulinzi wa juu kabisa kwa majengo ya kihistoria Uingereza. Linastahili, hata kwa choo cha wanaume peke yake, chenye mikojoleo ya rangi ya waridi. Wanawake nao huomba ruhusa ya kuchungulia, ombeni.

Nendeni mchana. Ukumbi wa muziki uko ng'ambo ya barabara, na jioni ya tamasha watu husongamana hadi mozaiki ya sakafuni huioni.