Kituo cha kupokea maombi ya viza: nyota moja, na hiyo ni ya mama wa alama za vidole

Wanaoamua viza ya mwanafunzi ya Uingereza sina neno nao. Hao hatuwaoni, wanasoma nyaraka zako huko waliko na kutoa jibu. Hasira zangu ni za hawa wa katikati, kampuni iliyopewa kazi ya kupokea pasipoti na kupiga watu picha, halafu ikajiongezea yenyewe kazi ya kuwatisha.

Mtu akifika pale dirishani jamani ameshachoka. Amekibembeleza chuo hadi kikatoa CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimempokea kusoma. Amepimwa kifua kikuu. Amelipa ada ya viza pamoja na ile tozo ya afya inayokatwa ya miaka yote ya masomo kwa mkupuo, na hapo hata hajajua kama atapewa viza (ukinyimwa wanakurudishia tozo, haya, lakini kwanza uitafute). Juu ya yote, amelinda hela benki siku 28 mfululizo, salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Siku hizo unaishi na pesa zako kama jirani, mnasalimiana tu, hakuna anayeingia kwa mwenzake.

Zikishatimia 28 kuna hesabu nyingine: ile siku ya mwisho isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya ombi. Na tarehe ya ombi ni siku uliyolipa mtandaoni. Miadi ya kituoni haihusiki kabisa. Tena ndivyo inavyopaswa kuwa, maana miadi hujipangii unavyotaka. Mimi nilipata ya mbele huko, kwa sababu zile za karibu zilikuwa za kulipia.

Sasa kijana wa dirishani akachukua barua yangu ya benki, akahesabu kwenye kalenda ya mezani, akairudisha kwa kidole kimoja.

"Dada, hii imeshapitwa na muda."

Nikamwambia kaka yangu, hesabu kuanzia siku niliyolipa, risiti hii hapa. Hakuitazama. Akasema, "Mimi ndiye ninayefanya kazi hapa, dada." Kisha sauti ikalainika ghafla: nikalete barua mpya, wao wataiskani na kuipandisha kwenye mfumo, ni huduma ya ziada, inalipiwa. Nyaraka zangu zote nilikuwa nimeshazipandisha mwenyewe, bure!

Kilichonichoma zaidi ya hela yao ni hiki. Baada ya kutuma ombi nilikuwa nimeshakilipa chuo sehemu ya ada, kwa hiyo barua mpya ingeonyesha salio lililopungua. Yaani ningemtii, ningetoa barua iliyo sahihi na kuweka ya kunivuruga, kwa gharama yangu, halafu nikinyimwa nisijue kilichoniponza. Yeye angekuwa yuko palepale na kalenda yake.

Nikagoma kuondoka. Sikupiga kelele, ila sauti yangu ilisikika hadi kwa mlinzi. Akaitwa msimamizi, akatazama risiti kwa muda usiozidi wa kupiga chafya, akasema "mpokee," akaondoka. Basi! Hakuna samahani, hakuna "tumekosea." Kijana akagonga mihuri yake kama vile tulikuwa tunaongelea hali ya hewa. Na mimi najiuliza ni wangapi walioambiwa maneno hayohayo wakasema "sawa kaka," wakaenda kuchukua barua nyingine. Sheria ile iko wazi lakini imezama kwenye kurasa ndefu ambazo si kila mtu ana subira ya kuzimaliza, na mtu mwenye kitambulisho shingoni anaaminika kuliko ukurasa.

Chumba cha alama za vidole kulikuwa na mama mtu mzima. Mashine ikakataa vidole vyangu mara ya kwanza, ikakataa tena. Mikono ilikuwa imelowa jasho la hasira. Akanipa tishu, akaniambia, "Pumua kwanza mwanangu. Hapa hakuna anayeamua kitu, sisi tunapokea tu." Maneno hayo ndiyo yangebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Kwa ajili yake nilitoka pale nikiwa nimeamua kuwapa nyota tatu.

Jibu lilikuja ndani ya muda waliosema, viza nimepata, pasipoti imerudi bila hata kukunjwa. Kwa haki niseme hilo. Ukienda na kila kitu kikiwa kimepandishwa mapema na usiulizwe swali, huenda utatoka ukashangaa mimi nalalamika nini. Nikawaza labda nimewaonea, labda kijana alikuwa mgeni kazini.

Halafu wakanitumia fomu ya maoni. Inauliza usafi wa ukumbi, ubaridi wa kiyoyozi, kama viti vilitosha, na kama ningependa huduma za ziada safari ijayo. Pa kuandika kuhusu mfanyakazi hakuna. Nyota mbili nimezichukua palepale. Ukumbi ni safi, viti vinatosha.